Nimekifufua kihamba cha baba, sasa mdogo wangu anataka kukimega

Shikamoo Mama,

Nina miaka 49, nimeolewa, nina watoto watatu na naishi Morogoro, ambako nina duka la vifaa vya ujenzi. Kwetu ni Uru, Moshi Vijijini. Nakuandikia kuhusu kihamba chetu. Kwa wasiotoka mlimani niseme tu kwamba kihamba si shamba. Shamba ni lile la tambarare tunakolima mahindi na maharage. Kihamba ndipo ilipo nyumba, na migomba, na kahawa, na ng'ombe, na makaburi.

Babu yetu amezikwa hapo, na baba yake babu pia. Baba alifariki mwaka 2019. Tumezaliwa watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Baba aligawa kwa mdomo akiwa hai, kama ilivyo desturi. Kaka mkubwa alipewa kihamba kingine ambacho baba alikinunua, wa pili akapewa shamba la tambarare, na hapo nyumbani, ekari moja na nusu, pakawa pa kitindamimba. Sisi wasichana hatukutajwa, na siku ile hakuna aliyeshangaa, hata mimi mwenyewe.

Kitindamimba wetu ni dereva wa malori ya Lubumbashi. Miezi mitatu inaweza kupita hajafika nyumbani. Mama ana miaka 78, anaishi na binti wa kazi.

Krismasi ya 2021 tulipanda kwenda nyumbani kama kawaida. Siku ya pili nikaingia kwenye migomba kutafuta jani la kufunikia chakula, nikakutana na pori. Mibuni imerefuka kama miti ya mbao, matawi yameota ndevu za kijivu, hakuna aliyeipogolea kwa miaka. Migomba imesongamana, shina moja lina watoto tisa. Mfongo uliokuwa unaleta maji umekauka, ndani yake magugu yananifika kiunoni. Ile mashine ya mkono ya kumenya kahawa, ambayo tukiwa wadogo tulikuwa tunapigana kuizungusha, kuku walikuwa wanalala juu yake.

Jioni mama alinipa daftari la baba, lile kubwa la jalada gumu, nitafutie ndani yake risiti fulani. Kumbe baba aliandika humo kila msimu: kilo za kahawa alizouza na fedha ilikokwenda. 1981, kilo 412, bati. 1987, kilo 380, ada. 1998, kilo 96, leseni ya gari. Mstari wa mwisho ni wa 2006, kilo 11, na pembeni hakuandika kitu. Nililia, Mama, kama vile msiba ndiyo kwanza umetokea.

Tangu hapo nimekuwa nikikifufua. Nimemweka kijana wa kazi. Tumekata visiki mibuni 120 ya zamani na kupanda miche 300 ya chotara kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu. Nilinunua ng'ombe mmoja wa maziwa ili tupate samadi. Fedha za mwanzo zilipopelea niliuza miringaringa miwili iliyokuwa imekomaa, mbao zake zikalipia miche. Tulizibua mfongo na majirani wawili, maji yakarudi. Mpaka sasa nimetumia kama shilingi 6,400,000. Mwaka jana tulivuna kilo 38 za kahawa ya maganda. Ni kidogo, lakini nilimpigia mama simu tukacheka kama watoto.

Mwezi wa nane mdogo wangu alifika nyumbani. Alizunguka kihamba chote, kisha akanipigia. Akasema, "Dada, asante sana kwa kukisafisha, sasa kinaonekana." Nikafurahi. Kumbe alikuwa na mteja. Anataka kuuza nusu ekari ya juu, inayopakana na barabara, kwa mtu anayetaka kujenga. Bei ni nzuri, hilo silikatai. Anasema ana deni la gari, na kile ni chake.

Nilipopinga, kaka mkubwa aliniambia mwanamke kwao ni kwa mumewe. Mume wangu ni mtu wa Iringa. Yeye anasema, "Nilikwambia. Kwenu hawatakupa hata mche mmoja." Mama nilipomuuliza alijibu hivi: "Mimi nitazikwa hapa, mengine mtajua." Hakuongeza neno.

Desemba tutakutana wote. Je, niendelee kuweka fedha au niache? Niende mahakamani? Au ninunue mwenyewe hiyo nusu ekari kutoka kwa mdogo wangu, ninunue ardhi ya baba yangu mzazi? Nimechoka, lakini kila nikifumba macho naona ile mibuni mipya.

Mimi binti wa Uru


MAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira juu ya mdogo wako, nakiri. "Sasa kinaonekana" ni neno zito kumwambia mtu aliyetoa jasho. Umeng'arisha sufuria, mwenzio akaipeleka sokoni. Mara ya pili nilisoma yale uliyoyapitia haraka haraka, na mengi ya ninayotaka kuzungumza nawe yako humo.

Kwa jinsi ninavyokuelewa, umekuta nyumbani kwenu panakufa, ukaamua pasife. Hukumuuliza mtu kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumuuliza, kila mmoja alikuwa na maisha yake. Umeweka fedha, umeweka likizo zako, na zaidi ya yote umeweka matumaini. Sasa penye uhai pamepata thamani, na thamani imemwamsha mwenye jina. Unaniuliza uendelee au uache. Mimi kabla ya hapo nakuuliza: unachokifufua ni kitu gani hasa?

Sikuulizi kwa kejeli. Tulichukue lile daftari la baba. Umeliona kama kumbukumbu ya mzee aliyechoka na watoto waliomwacha. Mimi nimeona humo historia ya mlima mzima. Hizo kilo 412 za 1981 hazikutoka kwenye udongo peke yake. Kulikuwa na njia ya kuuza iliyojengwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933 na kuvunjwa kwa muda mwaka 1976, kulikuwa na mgawo wa dunia ulioshikilia bei, yaani makubaliano kwamba kila nchi iuze nje kiasi fulani tu cha kahawa, na kulikuwa na mama yako na watoto wake wanaochuma bila mshahara. Kuna wanawake waliokuwa wanashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo mlima kichwani, na samadi ya ng'ombe hao ndiyo iliyolisha hiyo mibuni. Nadhani mama yako alikuwa mmoja wao, ukimuuliza atakuonyesha. Kisha mwaka 1989 mgawo wa dunia ukavunjika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, dawa za kunyunyizia zikawa za kununua kwa fedha taslimu, na chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa, haikusubiri mtu apate fedha. Wengi waliacha kupogolea miaka ile, na hawakuwa wavivu. Mtu akipiga hesabu ya dawa na vibarua, alikuta kahawa inamla yeye.

Tena fedha ya kahawa ilikwenda wapi? Ada. Kahawa ndiyo iliyowasomesha, na kusoma ndiko kulikowapeleka Morogoro na kwingineko. Kwa maana hiyo kihamba kile kilifanya kazi yake mpaka kikabaki hakina watu. Nakwambia hivi kwa sababu naogopa usije ukawa unajipima kwa kilo 412. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, 1981 hairudi. Kile unachokianzisha ni kihamba cha mtu anayeishi mbali, chenye kijana wa kulipwa, ng'ombe mmoja na miche ya chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Ni kitu kipya kwenye udongo wa zamani, nacho kina hesabu zake.

Sasa tuje kwenye "kile ni chake". Wewe, kaka yako, mume wako, nyote mmelichukua hili kama jambo lililokwisha. Mimi sina hakika kama limekwisha. Hujaniambia kama mirathi ya baba ilifunguliwa. Je, ukoo ulikaa kikao chenye muhtasari? Je, kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo? Mgawo wa mdomo una uzito kwenye ukoo, lakini kwa yule mteja wa barabarani unaweza kuwa mwepesi mno. Kama baba alimkabidhi kijana kihamba kabisa akiwa hai, hoja inabadilika, na hapo utahitaji mwanasheria au msaidizi wa kisheria aone ushahidi uliopo. Mimi siwezi kulikata hili kwa barua. Ila ujue mambo mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu kwa kiasi hicho inachomnyima. Na kuhamisha haki ya kimila ya ardhi ya kijiji ni jambo linalopita halmashauri ya kijiji, haliishii kwenye kupeana mikono chini ya mti.

Na hata tukiiacha sheria, tuichukue mila yenyewe kama ilivyo. Kitindamimba hakupewa nyumbani kwa sababu ya kupendwa kuliko wengine. Alipewa pamoja na wazazi. Yeye ndiye abaki na mama, yeye ndiye atunze makaburi. Kaka yako anayekukumbusha mila ya wanawake, muulize kwa upole kama anaikumbuka na hii nusu nyingine. Na kihamba chenye makaburi, je, wazee wa ukoo wenu huwa wanakiachia kiuzwe kwa mtu wa nje bila wao kuulizwa? Huenda mila ikawa upande wako kuliko unavyodhani. Huenda pia isiwe. Jua kwanza kabla hujaitupa.

Lakini kuna sentensi moja kwenye barua yako ambayo umeiweka katikati kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza. Uliuza miringaringa miwili. Mringaringa haukomai kwa msimu mmoja, mwanangu. Pengine baba aliipanda, pengine babu. Ulimuuliza mdogo wako? Hujasema, nami nakisia hukumuuliza. Ulikuwa na sababu nzuri, na mbao zilikwenda kwenye miche. Ila tazama kwa macho ya yeye aliyekuwa barabarani: dada ameuza sehemu ya kihamba ili kutimiza anachokiona muhimu, na yeye sasa anataka kuuza sehemu ya kihamba ili kutimiza anachokiona muhimu. Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Miti huota, nusu ekari haioti. Nasema tu kwamba kama hilo analo moyoni, kila utakalosema Desemba litagonga hapo.

Umeniuliza kuhusu njia, tuzitazame.

Kwenda mahakamani kunaweza kukupa karatasi. Kunaweza pia kuchukua miaka, na mama ana 78. Familia ikishasimama kizimbani, Krismasi hugeuka kuwa ya makundi mawili, na mara nyingi mama ndiye anayegawanyika katikati. Hata hivyo kufungua mirathi kwa makubaliano si sawa na kushitakiana. Watu wengi huchanganya haya mawili, na kwa woga wa kesi wanaacha kila kitu kikielea mpaka wajukuu wanagombana. Mnaweza kukaa kikao, mkateua msimamizi, mkaandika nani ana nini, hata mkaomba hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina zaidi ya moja. Hatari yake ni kwamba ukishalifungua sanduku, kaka wa pili naye anaweza kukumbuka madai yake, na dada yako ambaye hukumtaja hata mara moja kwenye barua hii naye ana kauli. Yeye yuko wapi katika haya?

Kununua nusu ekari mwenyewe kunakuuma, nimesikia uchungu wako, "ardhi ya baba yangu mzazi." Lakini wako wanawake waliofanya hivyo na leo wanalala usingizi. Wako pia waliolipa ndugu, bila maandishi, bila mashahidi wa kijiji, na baada ya miaka mitano wakaambiwa ile ilikuwa zawadi ya kusaidiana. Kama utaelekea huko, fedha hiyo si yako peke yako, ni ya duka na ya nyumba, na mume wako lazima awemo tangu mwanzo.

Hapa nisimame kidogo kwa huyo mume. Umempa mistari miwili tu, na yote miwili ya kumlaumu. Neno lake ni la kukera, lakini hesabu yake si ya uongo: shilingi 6,400,000 zimeingia kwenye ardhi ambayo mpaka leo haina jina lako hata kwenye kipande cha karatasi. Je, alijua kiasi hicho wakati unakitoa, au alikijua baadaye? Mtu akisema "kwenu hawatakupa hata mche mmoja", wakati mwingine anauliza kitu kingine: na hapa kwetu, mimi na watoto, unaweka nini? Sijui kama ndivyo kwake. Muulize siku ambayo hamjagombana.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja. Mdogo wako abaki na jina, na wewe upate haki ya kutumia kwa maandishi: miaka kumi au kumi na mitano, kahawa ni yako, gharama ni zako, sehemu fulani ya mauzo anapata yeye, na hakuna kuuza wala kukata mti bila ninyi wawili na mama kuafiki. Miche yako ndiyo kwanza inaanza kuzaa, na visiki vyako vilivyochipua vinakaribia kulipa. Kuiacha leo ni kuiacha mlangoni. Udhaifu wa njia hii ni deni lake la gari. Mtu anayedaiwa hawezi kula mkataba wa miaka kumi. Je, deni ni kiasi gani? Inawezekana ni dogo kuliko bei ya nusu ekari, na mkalibeba kwa namna nyingine. Inawezekana pia ni kubwa kiasi kwamba anakosa usingizi na anaona aibu kukwambia.

Na kama itabidi kweli kipande kiondoke, uliza ni kipande kipi. Anasema sehemu ya juu kwa sababu ya barabara. Mfongo wenu unaingilia wapi? Maji hutoka juu. Kama mlango wa maji uko kwenye hiyo nusu ekari, mtu atajenga ukuta, na ile kazi mliyoifanya na majirani wawili itaishia kwenye tofali zake. Hao majirani nao wanahusika. Katembee huko juu na kijana wako wa kazi kabla ya Desemba, mhesabu ni mibuni mingapi iko pale, migomba gani, na maji yanapita wapi. Ukiingia kikaoni na hesabu ya hatua na mashina utasikika tofauti na ukiingia na machozi, ingawa machozi yako nayaheshimu.

Kupunguza nako si dhambi. Unaweza kuamua kwamba kwa sasa utatunza eneo linaloizunguka nyumba ya mama, ng'ombe, mshare, ile migomba ya ndizi za mtori wake, na mibuni michache anayoweza kuifikia kwa fimbo yake, na kwingine kusubiri mpaka jambo la umiliki litulie. Utaumia kuona magugu yakirudi sehemu nyingine. Lakini hutakuwa unaongeza fedha kila mwezi kwenye swali lisilo na jibu.

Mama amesema atazikwa hapo na mengine mtajua. Mnaweza kulisikia kama kukata tamaa, mnaweza kulisikia kama amri kwamba hapo pasiguswe, au kama mzazi anayekataa kumchagua mtoto mmoja mbele ya mwingine. Usimuulize tena kwenye simu, wala mezani mbele ya wanaume. Msimu ujao kaa naye kwenye kigoda mkichambua kahawa, mbivu huku, mbichi kule, na umuulize kitu kidogo: anapenda nini kiendelee kuwepo akiamka asubuhi? Jibu linaweza kuwa kahawa. Linaweza kuwa ng'ombe tu. Linaweza kuwa sauti ya maji ya mfongo usiku.

Na mdogo wako usimngojee mpaka Desemba, mbele ya kaka mkubwa na nyama ya sikukuu. Malori hukaa kwenye foleni siku nyingi kule Tunduma. Mpigie akiwa hapo, ana muda. Anza na miringaringa, kabla yeye hajaitaja. Kwenu mna jani la isale, la kuombea msamaha kwa jambo kama hilo, na wewe unajua kuliko mimi lina uzito gani kwa anayelipokea. Baada ya hapo ndipo umuulize kuhusu deni.

Kisha, ile 1998, kilo 96, leseni ya gari. Kwa mahesabu yangu mdogo wako alikuwa kijana tu wakati huo. Kama leseni ile ni yake, basi hata hilo lori limetoka kwenye mibuni ileile. Je, ameshawahi kulifungua hilo daftari?